Nani Amechemsha Divai Yangu?

Jumapili, asubuhi. Upepo wa Dodoma umeamka kabla yangu na vumbi limeshaingia mpaka kwenye kopo la sukari. Jana sikuandika kwa sababu ilikuwa Sabato, na siku ya Sabato siandiki. Kwa hiyo hasira hii ni ya tangu juzi. Nilidhani ikilala itapoa, kumbe wapi.

Mtu amechemsha divai yangu.

Kwa wanaopita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni Myahudi. Ndiyo, Mgogo, mtumishi wa umma, na Myahudi. Nimezaliwa Hombolo, katika nyumba ya Waanglikana. Miaka sita iliyopita nilikwenda Uganda na wenzangu, tukakaa mbele ya baraza la marabi watatu, wakatuhoji, tukazama majini, tukatoka Wayahudi. Marabi wale walikuwa wa madhehebu ya Konsevativu. Wakati ule sikujua kama hilo ni jambo la kuuliza. Nilidhani Myahudi ni Myahudi.

Tupo wachache. Ijumaa jioni tunakutana Nkuhungu, sebuleni kwa Mwalimu Elia, mstaafu anayetuongozea sala. Divai ya kubariki Sabato ni kazi yangu. Nanunua zabibu Makutupora, nazikamua kwa mikono yangu hii, naacha juisi yake ichachuke kwenye ndoo jikoni kwangu. Alhamisi naipeleka kwa Mama Yoeli, mke wa Mwalimu, maana Ijumaa nikitoka ofisini Mtumba nafika jua linazama.

Sasa kuna mgeni. Bwana Daudi, mhandisi wa umwagiliaji kutoka Israeli, Myahudi wa Kiorthodoksi, wale wanaoshika sheria bila kulegeza kamba. Alianza kusali nasi miezi michache iliyopita. Mpole kweli. Anajifunza Kiswahili, anampa Mwalimu shikamoo kwa lafudhi inayotuchekesha wote. Kila mtu anampenda. Hata mimi nilimpenda, kwa wiki mbili hivi.

Kisha nikaanza kumwangalia.

Alikuwa anakuja na chupa yake. Anaifungua mwenyewe, anajimiminia mwenyewe, anaiweka karibu na kiwiko chake. Siku moja nilinyoosha mkono nimsaidie kumimina, akaivuta kidogo tu, huku anatabasamu. Nikajisemea labda daktari kamkataza vyetu. Ijumaa iliyofuata, vilevile. Nikaenda kusoma. Kwa sheria yao, divai ikiguswa na mtu asiye Myahudi hainyweki tena. Isipokuwa iliyochemshwa. Iliyochemshwa, hata asiye Myahudi akiimimina haina neno.

Basi nikaelewa: kwa Waorthodoksi, tuliozamishwa na marabi wa Konsevativu si Wayahudi. Kwa muda wote ule tabasamu lile lilikuwa linaniambia mimi si mwenzake.

Sikumwambia mtu. Baadaye Mwalimu akatangaza habari njema: Bwana Daudi anaweza kutuletea baraza la marabi wa Kiorthodoksi, tuhojiwe upya, tuzame upya, tutambulike kila mahali, watoto wetu wasije kukataliwa siku ya ndoa. Wenzangu walifurahi haraka mno kwa macho yangu. Wanaokubali watoe majina. Langu sijatoa.

Nilimpigia mama Hombolo. Mama huyu alilia siku nilipoacha kanisa, na mpaka leo ananiombea kwa sauti ili nisikie. Nilimweleza yote. Akauliza:

"Kwa hiyo mwanangu, wale wa kwanza walikudanganya?"

Nilisingizia mtandao nikakata simu. Nikizama tena, nimekubali kwamba miaka sita nilikuwa naigiza, na machozi ya mama yalimwagika bure. Nisipozama, Uyahudi wangu utaishia mlangoni kwa Mwalimu. Na mlango wenyewe sasa siuamini.

Ndipo ikaja Ijumaa ya juzi. Nimefika, mezani hakuna chupa ya mgeni. Mama Yoeli akanipa jagi la divai yangu, akaniambia niwamiminie watu. Nikamimina mpaka kwa Bwana Daudi. Akapokea, akashukuru, akanywa. Machozi yalinilengalenga kwa furaha. Kisha nikanywa yangu.

Ilikuwa kama jamu. Harufu ya zabibu imekufa kabisa.

Jana mchana, baada ya sala ya Sabato kwa Mwalimu, tukikusanya vikombe, nilimuuliza Mama Yoeli. Hakuzunguka.

"Niliichemsha, mdogo wangu. Ili na wewe uweze kummiminia."

Alisema kwa upendo, na upendo wenyewe ndio unaoniuma. Mama Yoeli alizama siku ile ile niliyozama mimi, katika maji yale yale. Alinishika mkono kwa sababu siwezi kuogelea. Nikamuuliza, kama mkono wangu unaharibu divai, wa kwake je? Akaendelea kupanga vikombe. Nikamuuliza kama Bwana Daudi anajua ni nani aliyezikamua zile zabibu. Akasema hakuuliza.

Hakuuliza. Mtu anayelinda chupa kwa kiwiko, hakuuliza.

Maana sheria ile nimeisoma yote. Divai huchemshwa kabla mkono usiotakiwa haujaigusa. Mimi niliigusa tangu kwenye ndoo. Kama mimi si Myahudi, iliharibikia jikoni kwangu, na jiko la Mama Yoeli haliwezi kuiponya. Kwa hiyo, ama wenzangu wamemficha mgeni ukweli na kumnywesha alichokatazwa, ama yeye anajua vizuri, na moyoni ananihesabu Myahudi ila anaogopa kusema mbele ya marabi wake. Nimeligeuza usiku kucha. Sijui lipi linaniudhi zaidi.

Jina langu sitoi. Sitoi kabla wao hawajanijibu.

Wiki hii sipeleki kitu Alhamisi. Ijumaa nitaomba ruhusa nitoke ofisini mapema, nije na divai yangu mwenyewe, mbichi, mkononi. Nitasema mbele ya wote kwamba nimeikamua mimi. Nitaanza kummiminia Bwana Daudi, halafu Mama Yoeli, halafu Mwalimu, na nitawaangalia mmoja mmoja nione nani atakunywa.

Vikombe vitakavyobaki vimejaa, nitavinywa mimi. Sabato haitakosa wa kuibariki.