Ndengu za Mwaitu na Upepo wa Kusi

Kwa Vonza,
Kitui.
Jumapili, 12 Novemba 2023.

Mpendwa mdogo wangu Mbaluka,

Pokea salamu kutoka nchi kavu, ambayo wiki hii si kavu tena! Huko melini u mzima? Chakula kinakaa tumboni ama mawimbi bado yanakirudisha? Sisi huku tuko sawa. Mguu wa Mwaitu, mama yetu, umeacha kumsumbua, kikohozi changu cha vumbi kimeisha, ng'ombe yuko, mbuzi wako, na yule paka wako mwizi naye yuko, amenenepa.

Nijibu hili kwanza. Alhamisi redio ilisema baharini kuna upepo mkali na mawimbi ya mita tatu. Ulikuwa wapi? Mwaitu alitunyamazisha sote ili asikie vizuri. Ndiyo, Mwaitu huyo huyo. Tulia, nitafika hapo.

Barua yako ya Agosti niliipata kwa Nuhu wa duka, pamoja na ile chupa ya soda uliyojaza maji ya bahari. Nilisoma vile unashusha ndoo ubavuni mwa meli kila asubuhi, unapima joto la maji, halafu unaandika upepo unatoka wapi na mawimbi yamepanda kiasi gani. Ukasema mwaka huu maji ya upande wetu yamepata joto kuliko mwaka jana, na yale ya kule Indonesia yamepoa, na ikiwa hivyo mawingu yanakuja huku kwetu. Haki niliruka jikoni peke yangu. Unajua misimu ilivyotukataa, mmoja baada ya mwingine, mpaka watu wakasahau harufu ya udongo uliolowa.

Mwaitu nilimwonyesha chupa. Wewe mwenyewe unajua tangu ulipoenda baharini, miaka miwili sasa, hajataja jina lako. Akilazimika sana anasema "yule wa maji". Basi akafungua, akaonja, akatema hadi mlangoni. "Mtu anaacha shamba la babake kwa ajili ya chumvi?" Akaenda zake kwa mbuzi. Lakini chupa hakuimwaga, aliiweka kabatini nyuma ya vikombe vya wageni. Mimi nikaiacha barua mezani na sikuifikiria tena.

Sasa sikia makosa yangu, na usicheke kabla sijamaliza.

Zile ndengu za Mwaitu, alizokuja nazo kutoka Mbooni siku ya kuolewa, zilikuwa zimebaki kibuyu kimoja tu. Kimoja, Mbaluka! Zingine zote zililala kwenye udongo misimu iliyopita na hazikuamka. Mbegu za dukani zipo, lakini hizo si zake. Mwezi wa tisa nikamwambia, Mwaitu, toa mbegu tupande mapema, bahari imepata joto. Akaenda kukileta kibuyu. Halafu akamimina nusu kwenye uteo, akafunga kibuyu, akasema hizo zinanitosha. Nilinuna siku mbili nikidhani ni uchoyo wa uzee.

Wamama wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana shambani, wakaja na majembe, tukapanda kwenye vumbi. Kupanda kwenye vumbi si ajabu kwetu, lakini mwezi wa tisa, na upepo wa kusini unatujaza mchanga mdomoni? Wenyewe waliguna. Mimi nikawaambia ndugu yangu amepima kwa ndoo, nyinyi chimbeni. Kaloki jirani akapita akasimama kwenye ua, akanibatiza jina Nabii wa Ndoo. Mpaka leo akiniona ananiuliza kama bahari imeamka.

Mungu wangu. Yakaja manyunyu ya siku moja, zikachipuka, jua likazikaanga. Zilizobaki chini kanga walizichimbua. Nilikimbizana na hao kanga asubuhi na jioni nikigonga sufuria kama mwendawazimu. Wiki ya tatu hapakuwa na hata jani moja la kuonyesha mtu.

Nikaenda kwa Mwaitu kutubu. Alikuwa anachambua maharagwe. Nililia, mimi mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, nililia mpaka pua ikatiririka. Na kwa hasira nikasema maneno mabaya. Nisamehe, lakini niliyasema: kwamba umetudanganya na ndoo yako, na sasa umemaliza mbegu za mama yako.

Aliweka uteo chini. "Mwanangu si mwongo," akasema. "Kwani wewe hukugeuza karatasi?"

Karatasi gani? Akainuka, akaleta Biblia yake, na ndani ilikuwemo barua yako ya Agosti. Si hiyo tu. Zote saba, Mbaluka! Kila barua niliyoiacha mezani akidai hataki kusikia habari za maji, alikuwa ameichukua na kuisoma na kuikunja vizuri. Akaigeuza ile ya Agosti, na huko nyuma, baada ya salamu zote, baada ya jina lako, umeandika: "Msipande bado. Kusi inavuma kwa nguvu, bahari ina vichwa vyeupe kutwa. Ikilegea nitamtumia Nuhu meseji, maana simu ya Katunge imeharibika."

Wewe kijana una akili timamu? Nani duniani anaweka jambo kubwa baada ya salamu? Nikifika "nisalimie wote" mimi nakunja barua, na kila mtu ninayemjua anakunja. Ungekuwa karibu ungekula kofi.

Mwaitu ndiye aliyegeuza. Kwa hiyo tangu Agosti alijua tusipande, ndiyo sababu alinipa nusu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, akanijibu bila haya, "Ungejua nimesoma." Heri ndengu zikaangwe kuliko mimi nijue anakukumbuka! Tukatazamana, halafu tukacheka mpaka akashika mbavu. Sijamwona akicheka hivyo tangu uende.

Hapo ndipo nilielewa habari ya viberiti. Nilikuwa nashangaa kwa nini kila wiki anakwenda sokoni kununua kiberiti kimoja, na mguu wake ule. Nimevihesabu kabatini, viko kumi na kimoja. Kumbe alikuwa anapita kwa Nuhu kuuliza kama wa maji ameandika.

Meseji yako ikafika Jumatano, tarehe ishirini na tano. Nuhu alifunga duka akaja mwenyewe kutusomea: upepo umelegea, bahari imelala, mawingu yamejipanga upande wa bara. Siku iliyofuata Mwaitu alitoa kibuyu, akakikung'uta mpaka mbegu ya mwisho, na akapanda mistari miwili kwa mkono wake. Mimi nikafuata nyuma nikifukia. Hakukuwa na nusu nyingine ya kukimbilia.

Jumapili tukiwa kanisani, katikati ya mahubiri, mabati yakaanza. Tone, tone, halafu ngurumo moja, kisha hatukumsikia mchungaji tena. Akafunga Biblia akacheka tu. Kaloki, ambaye huketi nyuma kabisa karibu na mlango, alitoka nje akasimama na suti yake mpaka ikalowa chapachapa. Mwaitu hakuinuka. Alikuwa amefumba macho, midomo inasema kitu, na machozi yanamtoka.

Leo ni wiki mbili. Ndengu zimetoa majani, mistari imenyooka, na kanga nimewaonya. Mvua inanyesha hata zaidi ya haja, mto umejaa na njia ya sokoni imekatika mara mbili, lakini hakuna mtu hapa mwenye uso wa kununa.

Nisalimie wenzako wa melini, hasa yule mpishi anayekuwekea ugali. Kaloki anakusalimu na anaomba umpimie lini aanze kupanda viazi. Nuhu na mkewe Shufaa wanakusalimu pia. Nuhu anashuka Mombasa Jumanne kuchukua mzigo, na atawaachia watu wa meli yako barua hii. Mungu akushike mkono kwenye ngazi, kwenye mawimbi na kwenye hiyo ndoo.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikitaka kukupiga kofi,

Katunge.

GEUZA KARATASI!

Nau,

Kalamu nimemnyang'anya Katunge. Nakuita Nau, baba yangu, kwa sababu umebeba jina lake, na sijalisahau siku hata moja.

Chupa yako hiyo. Nimeiosha na kuijaza mvua ya kwanza kutoka bati letu. Hapa kwetu haturudishi chombo cha mtu kikiwa kitupu. Usiimwage baharini, huko maji yako. Kunywa yote.

Ndengu zitakuwa tayari Januari. Pima huo upepo wako vizuri, uje tule.

Mama yako.