Nimemukamata bibi yangu shingo nikiwa usingizini

Mama Mshauri wa redio, nakuandikia kwa mukono wangu mwenyewe, naomba unisaidie juu nyumba yangu inataka kuvunjika. Mi ni Kambere wa chukudu, ile ya mbao ya magurudumu mawili ya kubeba mizigo, barabara yote ya Kibati wananijua, nikishuka na viazi hata Fuso inanipisha, siku moja nilipita barière ya askari nikiwa nimelala juu ya magunia na chukudu ikajiendesha yenyewe, kwa hiyo mutu wa kuogopa si mi. Sasa ile siku bombe ilianguka barabarani, rafiki yangu Josias alikuwa mbele yangu na chukudu yake, akabaki pale, mi nikatoka muzima, nikabeba chukudu yangu kwa bega moja mpaka mujini, uliza mutu yeyote. Tangu pale usingizi umenikataa. Nalala na viatu, mvua ikigonga mabati tayari niko nje. Jirani Buhendwa akaniambia, "Papa Kambere, kunywa kasiksi, utalala kama jiwe!" na kweli pale kwenye kasiksi, pombe yetu ya ndizi, wanaume wananiomba, "Papa, tuambie tena ile ya bombe!" wananinunulia, nasimulia, tunacheka, narudi nyumbani, nameza na komprime, vidonge vya usingizi vya sokoni, nalala kidogo, kisha namuona Josias. Juma iliyopita bibi yangu Kaswera, mama wa mutoto wangu, alinigusa bega, nikamukamata shingo, nilizani ni mutu mwingine, mutoto akalia ndipo nikaamka. Sasa Kaswera na mutoto wanalala kwa rafiki yake, Mama Nasiba. Mi siko mugonjwa, Mama, niko na nguvu, lakini naogopa kulala. Nifanye nini arudi?

*

Papa Kambere, pole kwa Josias. Pole sana. Umejisifu mistari mingi, Josias umemupita mbio.

Nikugombeze sasa. Kasiksi na komprime pamoja vinaweza kukukatia pumzi, usichanganye tena, kuanzia leo. Komprime zenyewe zipeleke kwa muganga wa hospitali azione, akuambie namna ya kuziacha. Na wale wanaokununulia, kila jioni wanakurudisha kwenye bombe, kisha wao wanakwenda kulala vizuri. Waambie hadithi imeisha. Wakikuita mwoga, toka.

Huu si uchawi, wala si wazimu. Mwili wako ungali kule barabarani, unalinda. Usingizi ukikosa, usipigane nao kitandani: amka, kaa, rudi ukisinzia. Muchana usilale juu ya magunia.

Kaswera alifanya vizuri kuondoka. Usimubembeleze arudi. Atarudi siku ataona mwenyewe kwamba yeye na mutoto wako salama. Na hata siku ile, asikuguse ukiwa umelala, akuite jina akiwa mulangoni.

Kesho uende kwenye santere ya afya ya karibu, uombe mutu mwenye anasaidia watu waliopita kwenye vita. Mwombe Kaswera akusindikize, juu yeye ndiye anajua unafanya nini ukilala, wewe haujui. Na mukishakaa mbele ya muganga, Papa, funga kinywa. Kaswera aseme wa kwanza.