Salamu za Baba Moraa

Jumamosi usiku

...na hakuna aliyesikia. Hakuna!

Jana usiku mume wangu, Baba Moraa, alivuta bangi na wenzake huko Marani, kisha akarekodi sauti akimtukana mama yangu, akaituma kwenye grupu la WhatsApp la kwetu. Mama mkwe wake, ambaye hata kumtania ni mwiko!

Kilichotuokoa ni Sabato. Kwetu, jua likitua Ijumaa simu zinazimwa. Asubuhi nikanyakua simu ya mume wangu, nikaikuta ile sauti, nikaifuta kwenye grupu. Yeye anakoroma tu.

Jua lilipotua leo, mama akawasha yake, akaandika: "Baba Moraa, ulifuta nini?"

Nikajibu kwa simu ya mume wangu, nikijifanya yeye: "Salamu za Sabato, Mama."

"Basi zirudie, nisikie sauti yako."

Nikamshikia mume wangu simu mdomoni. Amesalimia kwa adabu, mjinga huyu, utadhani mzee wa kanisa.