Kompyuta Niliyoifungia Kabatini

Jumamosi. Upepo wa leo hauna adabu hata kidogo. Umeingia na vumbi la mtaa wetu mzima wa Bulla Pesa ukalimwaga kwenye chai yangu, na mimi nimeinywa hivyo hivyo, kwa sababu sina nguvu ya kugombana na upepo pia. Wiki hii nimegombana vya kutosha, na karibu yote niligombana kimoyomoyo.

Kompyuta inazima.

Si kuzima kwa stima kupotea, huko nakujua. Taa inawaka, redio ya jirani inaongea, lakini yenyewe pap! Katikati ya kazi, bila hata kuaga. Nikiiwasha papo hapo inakataa. Nikiiacha nikaenda kuswali, nikirudi inawaka kama mtu mwenye afya zake. Binadamu akikufanyia hivyo utasema ana lake jambo. Basi na mimi nikasema kuna mtu ana lake jambo.

Kwa asiyenijua, mimi hupiga video za harusi, upande wa wanawake tu. Usiku wa hina, ngoma za kina mama, bibi harusi na wenzake. Huko mwanamume haingii, kwa hiyo shungi zinawekwa pembeni, nywele zinaachiwa, na shangazi mwenye heshima zake anacheza mpaka jasho linamtoka. Wananiruhusu niingie na kamera kwa sababu nimewapa neno moja: jicho la mwanamume halitaona. Mwaka jana kipande cha harusi ya mji mwingine kilivuja, kikazunguka kwenye simu za vijana. Aliyekipiga hakuitwa tena popote. Na yule msichana aliyeonekana humo, hadi leo sijui anaishi vipi. Jambo hilo naliogopa kuliko nyoka.

Sasa ndani ya kompyuta hii inayozimazima kuna harusi ya Fardosa. Yote. Kadi ya kamera nilishaifuta nikaenda nayo kwingine. Nimejaribu kuihamishia harusi hiyo kwenye flashi, kompyuta ikazima nusu ya safari. Fardosa anasafiri na mumewe karibuni, na mama yake ananipigia kila siku, sauti tamu mwanzoni, halafu: "Mama Nasri, kweli mwanangu ataondoka bila harusi yake?" Namjibu inshallah, inshallah, huku mkono uko kifuani.

Nilimshuku wifi yangu. Naandika wazi, hapa ni kwangu.

Rukia ni dada mdogo wa mume wangu. Alitoka Kulamawe kuja kusoma chuo hapa mjini, na analala chumba kimoja na wanangu. Msichana mpole, anaosha vyombo bila kuambiwa, na upole wa namna hiyo ndio hunifanya niangalie mara mbili. Mchana mara nyingi yuko nyumbani peke yake. Ana simu. Ana marafiki wanaoinamia simu wakicheka. Sasa hapo mimi nifikirie nini?

Kompyuta yangu, lile sanduku lenyewe, nililishonea kanzu. Msinicheke. Isiolo hii na vumbi lake, nani ana TV isiyo na kitambaa? Yangu ni ya kitambaa kizito cha pazia, na vifungo mbele kutoka juu mpaka chini. Inavaa kanzu yake ikiwa imezimwa na ikiwa inafanya kazi, maana vumbi halibishi hodi. Kifungo cha chini kabisa huwa sikifungi, makusudi. Huo ni mtego wangu. Siku moja niliiacha inatayarisha video nikaenda sokoni, na niliporudi nikakuta vifungo vyote vimefungwa, hata hicho cha chini. Vizuri kabisa, kama shati la mtoto wa shule.

Kuna mkono umepita hapo.

Sikuuliza. Mimi siulizi, mimi naangalia. Nikapitisha uzi mweupe kati ya kifungo na kifungo. Siku iliyofuata uzi uko sakafuni. Basi nikamwita seremala atoboe kabati la vyombo kwa nyuma ili waya zipite, nikalisukuma sanduku ndani pamoja na kanzu yake, nikatia kufuli, ufunguo nikauweka ndani ya sidiria. Skrini tu ndiyo iliyobaki nje, mezani. Rukia alisimama akalitazama kufuli, halafu akanitazama mimi. Jioni ile tulipokaa kula alisema ameshiba.

Na tangu siku hiyo ndipo kuzima kulipoanza.

Kwangu huo ulikuwa ushahidi. Amekasirika, ameniwekea kitu humo ndani, virusi au mdudu gani sijui. Watoto wa chuo wanajua mambo hayo. Juzi akatangaza kwamba Jumapili anahamia kwa shangazi yake Burat, eti ni karibu na chuo. Burat si karibu na chuo. Mume wangu, ambaye yuko njiani na lori upande wa Moyale, akapiga simu kuuliza tumekosana nini na Rukia. Nikasema hatujakosana. Na ni kweli, maana ili mkosane lazima kwanza mzungumze.

Alhamisi nilikwenda kwa Fundi Ekiru, yule wa karibu na stendi. Nilikwenda mikono mitupu. Siwezi kumpelekea mwanamume mashine yenye nywele za wanawake wa watu ndani yake, hata asifiwe vipi, na mafundi wa kompyuta ninaowajua mji huu wote ni wanaume. Ekiru akaacha kazi yake akanisikiliza.

"Ukiiwasha papo hapo inakataa, ukiipumzisha inakubali?"

Ndiyo.

"Na hiyo mashine, mama, inakaa wapi ndani ya nyumba?"

Hapo nikashtuka. Anataka kujua kitu changu kinakaa wapi ndani ya nyumba yangu, ya nini? Baba Nasri hayupo, na mji huu ninaujua. Nikamdanganya. Nikasema iko mezani, wazi, karibu na dirisha, inapigwa na upepo siku nzima. Akakuna kichwa. "Kama iko wazi hivyo, basi si joto. Pengine ni kile kifaa cha kuipa stima. Ilete nikiangalie."

Nikamwambia ndani kuna mambo ya watu. Akacheka. "Toa diski ubaki nayo, mama. Mimi nipe mwili, roho ikae nyumbani kwako."

Maneno matamu namna hiyo yalinizidishia wasiwasi. Nilitembea njia nzima nikijiuliza ana ujanja gani. Diski ikiwa mkononi mwangu, ataiba nini, upepo? Lakini ndivyo kichwa changu kilivyo, hakilali bila kumshika mtu.

Leo asubuhi nikaamua kuitoa hiyo roho mwenyewe. Nikafungua kufuli, nikaiwasha kwanza, nijaribu flashi mara ya mwisho. Pap! Nikachomoa stima, nikavuta sanduku. Likakwama, waya zimeng'ang'ania lile tundu la seremala. Nikavuta tena, kabati likatikisika, vikombe vya harusi yangu vikaanza kugongana. Ikabidi niite.

"Rukia! Hebu nishikie hapa!"

Alikuwa chumbani anakunja nguo zake kwenye begi. Akaja, akapitisha mkono nyuma ya sanduku, akauchomoa haraka. "Uuwi! Abaayo, inachoma!" Abaayo, dada, ndivyo anavyoniita tangu nilipoolewa kwao.

Nikagusa na mimi. Wallahi ungeweza kupikia mkate wa anjera juu yake.

"Hata kabla hujaiweka kabatini ilikuwa hivi," akasema, macho chini. "Ukitoka unaiacha inafanya kazi na nguo yake. Mimi nilikuwa nafungua vifungo ipumue. Nikisikia lango, nafunga tena. Niliogopa utasema nimegusa."

Nikakaa sakafuni hapo hapo, kanga imejaa vumbi.

Kumbe. Mkono ule niliousaka kwa nyuzi na mitego ndio uliokuwa unaiweka hai. Nami nikaufungia nje kwa kufuli, nikalipa na seremala juu yake. Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka moto. Na Ekiru wa watu aliuliza swali moja tu la maana, nikamjibu kwa uongo.

Tulifungua ubavu wa sanduku kwa bisibisi ya cherehani. Feni haikuonekana. Palikuwa na kitu cheusi kinachonata kama sufu ya kondoo mchafu: vumbi letu limekutana na moshi wa uunsi ninaouchoma kila jioni pembeni ya kompyuta, ili nyumba inukie. Rukia akainama akanusa. "Abaayo, kompyuta yako inanukia kama bibi harusi." Tukacheka wote wawili, kicheko cha kwanza kwa siku nyingi, mpaka tukakumbuka lile begi. Tukaisafisha kwa brashi yangu ya poda. Ile kanzu nitaikata vitambaa vya kufutia viatu.

Feni sasa inazunguka, ila inalia, na mara nyingine inasita. Kwa hiyo nimeamua hivi: Jumatatu nampelekea Ekiru mwili, abadilishe feni, na nitamwambia habari ya kabati bila kuficha. Roho itabaki nyumbani. Na leo tumeliweka sanduku mezani kweli, karibu na dirisha kweli, ubavu wazi. Limeanza kutayarisha harusi ya Fardosa. Ni kazi ya mchana mzima, na lazima mtu akae pale. Feni ikisita, aisimamishe kazi aipumzishe kabla haijazima.

Nilivuta kiti nikae mimi. Rukia akarudi nyuma. "Kaa wewe, abaayo, mimi nimalize begi. Kitu cha watu kikivuja, sitaki jina langu liwe karibu."

Kumbe alijua. Siku zote hizo alijua ninamwonaje. Hakusema kwa hasira, na ingekuwa afadhali angesema kwa hasira. Nikamwambia nisamehe. Nililisema waziwazi, mbele ya kabati lililotobolewa. Akajibu "haya," na "haya" ya Rukia huwezi kujua ndani ina nini.

Basi nikanyanyuka kwenye kile kiti. Nikachukua mtungi. "Naenda kununua maziwa," nikamwambia. "Wewe iangalie." Akakaa. Nikatoka kabla kichwa changu hakijaniita.

Ndipo nilipo sasa, kwa kina mama wa maziwa ya ngamia, nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, naandika kwenye simu. Mtungi ulijaa zamani. Siwezi kudanganya kwamba nimepona. Kichwa kinaniuliza simu yake iko wapi saa hizi. Kinaniuliza mbona alikaa kwenye kiti upesi hivyo. Kinasema msichana anayejua kufunga vifungo akisikia lango anajua na mengine. Nimeinuka, nimekaa, nimeinuka tena. Mama wa maziwa ameniuliza nina nini leo, nimemwambia ni miguu.

Nimefikiria jambo moja. Siku zote huingia nyumbani kwangu kimya kimya, nanyanyua lango lisilie, ingawa kumbe Rukia hulisikia tu, ili nimkute mtu alivyo. Leo sitafanya hivyo. Nitaita nikiwa bado barabarani, kwa sauti, "Rukia, nimerudi!", jirani wote wasikie. Asije akafunga chochote haraka haraka kwa kuniogopa, na kama anataka kufunga, awe na nafasi. Kisha nitavuta kiti cha pili nikae karibu naye, nimuulize Fardosa ametokeaje kwenye video.

Begi lake sitaligeukia kuangalia kama amemaliza kulifunga. Nitajaribu.