Wimbo Wako Umefika Nyakahura

Shikamoo Mama, nakuamkia kutoka huku bara, Biharamulo, kwenye mvua na baridi.

Leo mchana mvua ilitukuta sokoni Nyakahura, mimi na wenzangu wa bendi, tukaingia dukani kwa Bwana Salim, mtu wa Pangani. Alitulisha ndizi na maharage, kisha akapiga sahani zangu mpya za santuri. Ule wimbo wa dansi uliwachezesha watu mpaka barazani. Alipoigeuza sahani, ukaja wimbo wako wa kubembeleza, niliouimba upya kwa tarumbeta. Nikakumbuka ulivyoniambia, "Hilo tarumbeta litamwamsha mtoto."

Bibi mmoja, ambaye mjukuu wake alikuwa akilia bila kunyamaza, akasogea karibu na kinanda cha santuri. Kiswahili hajui, lakini aliufuatisha kwa maneno ya Kisubi, lugha yake, akimpigapiga mtoto mgongoni polepole. Ulipokwisha, Bwana Salim akamwambia mwimbaji ni mimi. Bibi akaniuliza neno, naye Bwana Salim akatafsiri: "Nani alikufundisha?"

"Mama yangu, yuko Tanga."

Bibi akatabasamu, akanong'ona, na Bwana Salim akatafsiri tena:

"Anasema umwambie mama yako, mtoto amelala."

Nilishindwa kujizuia, Mama, nikalia mbele za watu. Mungu akutunze mpaka nikukumbatie.

Mwanao akupendaye,
Zuhura