Mwalimu Ndiye Huandika Kwanza

Madam Kathure,

Nimeanza barua hii mara kadhaa leo na kuichana. Kila mara naanza kwa kukuuliza habari yako, kisha nakumbuka, na mkono unasimama. Basi siulizi. Nitakwambia yangu moja kwa moja, kama ulivyonitaka nifanye kila nilipoanza kuzungukazunguka, ukiniita madam wako mdogo: "Kamadam, sema pale panapouma."

Panauma hapa. Ni Jumapili mchana, nimetoka kanisani, niko kwangu mtaa wa Majimbo, na mezani kuna marundo mawili ya karatasi. Kesho asubuhi nampelekea mwalimu mkuu rundo moja. Bodi ya shule inakutana kesho, na itaamua kama saa yetu ya Jumatano, ya walimu kukutana na kuandika, itaendelea au itarudi kuwa ya masomo ya ziada. "Niletee kitu cha kuwaonyesha," mwalimu mkuu aliniambia Ijumaa, amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. "Wazee wa bodi hawatashiba maneno. Waone watoto wanaandika." Alisema kwa upole. Naamini anatutakia mema. Lakini tangu Ijumaa usingizi nauona kwa majirani tu.

Tangu tukuzike Githongo, bado tunakutana katika kile chumba cha zamani cha sayansi kimu. Sufuria yako ya chai ipo, ile iliyopinda mkono. Mwanzoni hakuna aliyekalia kiti chako. Halafu siku moja mwalimu wa jiografia alichelewa, viti vingine vikawa vimejaa, akakikalia bila kufikiri, na sote tukamtazama. Akaona. Akainuka nusu, akakaa tena, akasema, "Mathe Kathure angeniambia nikae nianze kuandika." Tukacheka, na mimi nikaenda nje kidogo kumwaga majani ya chai ambayo hayakuhitaji kumwagwa.

Niliachiwa kuongoza kwa sababu nilikuwa nakubebea makaratasi. Hakuna aliyesema hivyo, walinitazama tu, na mwaka wangu wa pili kazini ulikuwa haujaisha. Nafundisha Kiswahili na historia. Nani atanisikiliza nikimwambia mwalimu wa kemia kwamba kuandika ni kazi yake pia? Wewe walikusikiliza. Mwalimu Njeru alikujia siku ya kwanza na ile sauti yake: "Madam, mimi nafundisha kemia, si insha. Silabasi haitaningoja." Hukubishana naye. Ulimpa fuliskepu ukamwambia aandike jinsi ya kupika chai, amwandikie mtu ambaye hajawahi kuiona. Akaandika haraka, kwa hatua, kama jaribio la maabara, akasoma kwa kujiamini. Moto umewashwa, sufuria imewekwa, majani yametiwa, sukari imetiwa, yakoroge. Maji hayakuwepo popote.

"Mwalimu," ukamwambia, "umekaanga majani!"

Alicheka mpaka akavua miwani. Ukangoja anyamaze, ukasema lile neno ambalo nalibeba kila siku: kwamba maji yalikuwa kichwani mwake muda wote, na kama asingeandika hakuna ambaye angejua hayakufika kwenye sufuria. Ndivyo walivyo watoto, ulisema. Dakika chache za mwisho wa kila somo, liwe hesabu au kilimo, wape karatasi waandike nini wameelewa na wapi wamepotea. Waandike kwa lugha wanayofikiria nayo, hata kama ni Kiembu. Usitie alama. Weka kalamu nyekundu mbali. Na kabla hujawaambia wao waandike, andika wewe. Hiyo ilikuwa sheria pekee ya Jumatano, mwalimu ndiye huandika kwanza.

Nakumbuka ulivyokuwa ukisoma karatasi zao, miguu juu ya kreti la soda, ukitafuta neno moja tu. "Kumbe." Ukilipata ulilipigia mstari mdogo kwa penseli na kunisomea kwa sauti. Mtoto akiandika kumbe, ulisema, kuna kitu kimesogea humo ndani.

Sasa nikwambie kuhusu marundo.

Rundo la kwanza ni la Mwalimu Njeru, Kidato cha Tatu. Ni zuri, Madam. Mwandiko umenyooka, Kiingereza ni safi, pambizo zimepigwa kwa rula. Nilifurahi niliposoma karatasi ya kwanza. Mwanafunzi ameelewa jinsi chumvi inavyotengenezwa, ila bado hajaelewa vizuri jinsi ya kuitenganisha na maji. Nikasoma ya pili. Ameelewa chumvi, bado hajaelewa kuitenganisha na maji. Ya tatu hivyo hivyo. Nikapitia zote. Neno kwa neno, Madam, darasa zima. Njeru alikuwa ameandika ubaoni wakanakili. Hata mahali pa kupotea aliwachagulia.

Nilimuuliza Ijumaa jioni. Hakuona kosa. "Kamadam, wageni wanakuja. Unataka waandike upuzi? Nimewasaidia." Akanipiga bega. "Nimekusaidia na wewe." Na ni kweli alitaka kunisaidia, ndiyo maana sikuweza hata kukasirika. Sisi walimu wa huku ndivyo tulivyo, mgeni akitangazwa tunapaka mawe chokaa.

Rundo la pili ni la Madam Wawira wa hesabu, Kidato cha Pili. Unamkumbuka, yule mkimya aliyekuwa akikaa karibu na dirisha na kuosha vikombe bila kuombwa. Karatasi zake zimekunjika, zina madoa, zina Kiswahili, Kiingereza na Kiembu ndani ya sentensi moja. Mmoja hajaelewa kwa sababu alikuwa anawaza ng'ombe wao mgonjwa. Mmoja ameandika tu, "Niulize kesho." Na msichana mmoja wa kiti cha nyuma ameandika: "Madam, ile x kuvuka upande ule na kubadilika, nafanya tu. Sijui inavuka kwa nini. Tangu praimari nanyamaza."

Wawira aliisoma hiyo katikati ya chumba cha walimu, akaiweka chini. "Miaka yote hii nilidhani wananielewa," alisema. Kesho yake aliazima mizani dukani Manyatta, ile ya sahani mbili, akaipeleka darasani na pakiti za chumvi. Toa huku, toa na kule, mizani ikae sawa. Katika karatasi za siku hiyo, msichana yule ameandika: "Kumbe haivuki. Inatolewa pande zote mbili." Nimelipigia mstari neno lile kwa penseli, kwa niaba yako.

Unaona sasa kinachonila. Rundo la Njeru litaiokoa Jumatano. Wazee wataona mwandiko mzuri, watatikisa vichwa kukubali, watakunywa chai. La Wawira ndilo la kweli, lakini yeye hajaajiriwa na serikali. Aliajiriwa na bodi hiyo hiyo, na mkataba wake wanaweza kuukata kwa sentensi moja. Nikiwapelekea darasa zima linalosema sijaelewa, watamsoma nani? Watamsoma yeye. Nikiwapelekea la Njeru, nitakuwa nimeilinda saa yako kwa kitu kile kile ambacho uliianzisha ili kukipinga. Tangu juzi nazunguka hapo. Nimefua nguo ambazo hazikuwa chafu. Nimeangalia kitasa cha mlango mara nisizohesabu. Kanisani leo sikusikia hata somo lililosomwa.

Nilimngoja Wawira nje baada ya ibada, chini ya mti wa makadamia, watu wakisalimiana. Nikamweleza yote, vibaya, nikirudia maneno. Nilitaka aseme hapana ili niwe nimeuliza. "Na Madam angetuambia tuanze na nini?" akaniuliza. Kabla sijajibu alikuwa ameshatoa kalamu kwenye mkoba. Akageuza ratiba ya ibada, akaiegemeza kwenye ukuta wa kanisa, akaandika nyuma yake. Aliponipa, wino ulikuwa bado unang'aa. Ameandika kwamba ameelewa kuwa kunyamaza kwa darasa si kuelewa. Kwamba alipopotea ni hapa: hajui ni wangapi walimpita wakiwa wamenyamaza hivyo, kabla hajaanza kuwauliza. Chini akaweka jina lake lote na somo lake.

"Weka hii juu," akasema. "Wakitaka kusoma za watoto, waanze na yangu."

"Wakikufukuza je?"

"Basi nitakuwa nimefukuzwa kwa kufundisha." Akacheka kidogo, akafunga mkoba.

Nilipofika nyumbani nilimpigia Njeru, maana sikutaka asikie kesho kwa mwingine. Nikamwambia rundo lake siendi nalo, na kwa nini. Nikasikia redio kwake, na kuku. Mwishowe akasema, polepole:

"Kwa hivyo nimekaanga majani tena."

Sijui kama alikuwa anacheka. Akasema kesho ana somo la kwanza, na chaki ataiacha chumba cha walimu, watoto waandike yao wenyewe, kisha simu ikakatika. Sikumpigia tena. Nimeogopa jibu, naona.

Basi, Madam, uamuzi nimeufanya. Nilidhani nikishaamua nitapumua. Kesho saa nne bodi itakaa, na mimi nitakuwa darasani nikifundisha huku masikio yangu yako ofisini. Wanaweza kutunyang'anya Jumatano. Wanaweza kumgusa Wawira. Kama watamgusa, nitaingia pale ofisini niseme, hata kama sauti itatoka ndogo. Karatasi yangu nimeiweka chini ya yake, na nimeandika haya: nimeelewa kwamba saa ile ikiendelea kwa uongo itakuwa imeshakufa. Nilipopotea ni hapa, sijui kama nina haki ya kusema hivyo kwa mkate wa mtu mwingine.

Hilo la mwisho nilitaka kulifuta. Nimeliacha.

Kahawa ya kwenu itakuwa imeanza kuiva. Mama yako aliniambia siku ile ya mazishi, akiwa amenishika kiganja na kuniita mwari, yaani binti yake, nirudi wakati wa kuvuna nimsaidie. Nitakwenda Githongo likizo ikifika, na nitapita pale ulipo nikwambie ilikuwaje.

Pumzika, Madam wangu. Wakituachia kile chumba, au wakitufungia tukakutana chini ya ule mti wa mkima uwanjani, Jumatano nitachemsha chai, nitaanza na maji, na kabla sijampa mtu yeyote karatasi, nitaandika mimi kwanza.

Wako,
Kamadam