Saa Iliyotazama Ukuta

Mdogo wangu,

Vitenge vimefika, na kuku wako wa madoa ameanza kutaga. Mimi mzima, ila miguu inanisumbua.

Kesho napanda kizimbani. Unakumbuka mama, aliyenirithisha ukunga, alivyogeuza saa ikatazama ukuta ili mzazi asichoke kwa kuhesabu? Siku ile nilipomzalisha yule binti, nami niliigeuza. Mtoto alichelewa mno, akatoka kimya.

Wakili wangu anataka niseme nilisubiri saa mbili tu, kisha nikaita gari la hospitali. Sijui nilisubiri ngapi. Najua yule binti aliniuliza mara tatu, “Mama, saa ngapi sasa?” Nikamjibu, “Saa haizai, mwanangu.”

Hayo ndiyo nitakayomwambia hakimu.

Kuku wako nimemwachia jirani.

Dada yako